Bunduki za Wenzo za Kale: Dalili za Nakala, na Dalili za Nakala Mbovu

Mtu akishika bunduki ya wenzo yenye mtutu wa pembe nane na bodi ya shaba inayong'aa huwa na maswali mawili, na kosa kubwa ni kuyajibu kana kwamba ni swali moja. La kwanza: hii ni ya kale kweli, au ni nakala? La pili: ni nzima, na imetengenezwa vizuri? Winchester halisi ya 1873 (Winchester ni kampuni ya bunduki ya Marekani, na mwaka huo ni jina la muundo) inaweza kuwa imechakaa kiasi kwamba haifai kufyatua hata risasi moja. Nakala iliyotoka Italia juzijuzi inaweza kuwa imara kuliko bunduki zote zilizowahi kutoka New Haven, Connecticut. Naziheshimu nakala nzuri. Nisichokivumilia ni nakala kuuzwa kwa bei ya bunduki ya kale, au nakala mbovu kusifiwa kwa sababu tu inapendeza ukutani.

Sheria za umiliki ni za nchi unakoishi. Marekani huhesabu bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 kuwa ya kale na huipa nafuu kisheria, na ndiyo maana wauzaji wa huko huvutia sana upande wa umri. Usidhani nchi yako ina nafuu hiyo. Uliza polisi kabla hujanunua.

Kwanza hakikisha haina kitu

Elekeza mtutu mahali salama, shusha wenzo hadi mwisho, tazama ndani ya chemba kisha ingiza kidole. Halafu kagua bomba la risasi lililo chini ya mtutu, kwa sababu hapo ndipo risasi husahaulika: chemba kuwa tupu hakuthibitishi kwamba bomba nalo ni tupu. Unapotaka kujaribu mwendo wa bunduki, usitumie risasi hai. Tumia risasi za mfano, zisizo na baruti wala fataki, ile sehemu inayogongwa na kuiwasha baruti.

Tuelewane majina ya sehemu. Bodi ni kile kisanduku cha chuma au shaba kati ya mtutu na kitako, chenye mitambo ndani. Wenzo ni kile kitanzi cha chuma chini ya shingo ya kitako kinachoshushwa na kupandishwa. Komeo ndilo linaloziba chemba kwa nyuma. Kinyanyuzi hupokea risasi kutoka kwenye bomba na kuipandisha mbele ya komeo. Katika Henry ya 1860 na Winchester za 1866, 1873 na 1876, komeo hufungwa na viungo viwili vinavyokunjuka na kunyooka kama goti. Winchester za 1886 na 1892, alizozibuni John Browning, hufungwa na vipande vya chuma vinavyopanda wima, na ni imara zaidi. Tofauti hii itarudi tutakapofika kwenye ubora.

Dalili: jina la Winchester lipo, lakini kuna kitu hakikai sawa

Jina peke yake si ushahidi. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Jina la Winchester ni mali ya kampuni ya Olin, nayo hulikodisha, na Winchester za 1873, 1886, 1892 na 1895 zinazouzwa mpya leo zimetengenezwa na Miroku huko Japani. Soma mtutu wote, na upande wa chini pia: utakuta imeandikwa kwamba imetengenezwa Japani, pamoja na jina la mji wa Morgan, Utah, yalipo makao ya kampuni ya Browning. Hizo si za kughushi. Zina haki ya jina, na mara nyingi ndizo nakala zilizochongwa kwa uangalifu kuliko zote. Ila si za kale.

Nakala nyingi zaidi za 1860, 1866, 1873 na 1876 zimetoka kwa Uberti, kampuni aliyoianzisha Aldo Uberti mwaka 1959 huko Gardone Val Trompia, bonde la mafundi bunduki karibu na Brescia, kaskazini mwa Italia. Pedersoli na Chiappa, wanaonakili zaidi 1886 na 1892, wako mkoa huohuo wa Brescia. Hapa wanunuzi wengi huchanganyikiwa: bunduki ya Uberti inaweza kubeba jina la Cimarron wa Texas, Taylor's wa Virginia, Navy Arms au Dixie Gun Works. Hao ni waagizaji. Tangu sheria ya Marekani ya 1968, silaha inayoingizwa nchini humo lazima ibebe alama ya mwagizaji. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii si Uberti, hii ni Cimarron", tafuta jina la mtengenezaji mwenyewe.

Shahidi mzuri kuliko wote ni muhuri wa majaribio. Kila bunduki ya Italia hupitia Banco Nazionale di Prova huko Gardone, ambako hufyatuliwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida kisha hugongwa muhuri. Nyota juu ya herufi PN ina maana ilijaribiwa kwa baruti nyeusi, na nyota juu ya PSF ni jaribio la baruti isiyo na moshi. Kando yake, mara nyingi ndani ya kisanduku, kuna alama ya mwaka: kabla ya 1975 ni tarakimu za Kirumi, na kuanzia hapo ni herufi mbili. AA ni 1975, AZ ni 1990. Mihuri hii huwa ubavuni mwa bodi, kwenye mtutu, au chini ya mtutu ambako mbao ya mbele huificha. Muuzaji akikataa skrubu mbili zifunguliwe ili mbao itolewe, hilo nalo ni jibu.

Je, kama mihuri haipo? Tumia taa. Weka mwanga mkali kwa pembe ya chini kabisa, uteleze juu ya chuma, na utazame kama mstari wa mwanga unapinda. Chuma kilichopigwa tupa ili kufuta maandishi huacha bonde dogo ambalo kidole hakilisikii lakini mwanga huliona. Ukilikuta bonde hilo mahali mihuri ya Gardone huwekwa, usiendelee kuuliza bei.

Dalili: kaliba haiendani na umri

Kaliba ni kipimo cha risasi ambayo bunduki imetengenezewa. Kuikagua ni kazi ya dakika moja, na inashangaza ni wangapi huiruka. Winchester ya 1873 ilianza na .44-40, ikaongezwa .38-40 mwaka 1879 na .32-20 mwaka 1882. Bunduki za wenzo za Winchester za karne ya 19 hazikutolewa kwa .45 Colt, kwa sababu ukingo wa ganda lake la wakati huo ulikuwa mdogo mno kwa kivutio, kinachotoa ganda kwenye chemba, kuushika. Risasi ya .357 Magnum ilizaliwa 1935, na .44 Magnum mwaka 1955. Basi ukikuta "1873" iliyoandikwa .45 Colt au .357, umeshapata jibu la swali la kwanza, nenda moja kwa moja kwenye la pili.

Dalili: komeo la Henry au la 1866 lina pini moja katikati

Henry halisi ilitumia .44 Henry, risasi ambayo fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda. Pini yake, ile inayogonga fataki, ilikuwa na ncha mbili zinazogonga ukingo pande mbili kwa pamoja, ili moja ikikosa nyingine iwashe. Winchester 1866 ilirithi mfumo huo. Risasi hizo ziliacha kutengenezwa 1934, kwa hiyo nakala zinazofyatua leo hutumia risasi zenye fataki katikati, kama .44-40 au .45 Colt, na pini yao ni moja. Fungua wenzo, tazama uso wa komeo. Tahadhari moja: kuna 1866 chache za miaka ya mwisho zilizotoka kiwandani zikiwa na pini ya katikati, kwa hiyo dalili hii ina nguvu zaidi kwa Henry.

Hizo risasi za kisasa ni ndefu kuliko .44 Henry, kwa hiyo Uberti ililazimika kuirefusha bodi kidogo. Ukiweka nakala kando ya picha nzuri ya Henry halisi iliyopigwa kwa ubavu, utaona bodi ya nakala imenyooka kwenda mbele zaidi. Kumbuka pia kwamba Henry zilizotengenezwa zote hazikuzidi sana 14,000. Henry "iliyookotwa shambani" inahitaji ushahidi mzito kuliko hadithi.

Dalili: rangi ya chuma au ya shaba

Shaba kwanza. Bodi ya Henry na ya 1866, ile iliyoipa bunduki ya 1866 jina la utani la kijana wa manjano, ni mchanganyiko wa shaba, stani na zinki, na rangi yake huelekea wekundu wa joto. Shaba ya nakala nyingi ni ya manjano kali. Wekundu huo hauigiki kwa kupaka kitu. Kwaruzo dogo sehemu isiyoonekana litaonyesha rangi ya ndani.

Chuma kinahitaji maelezo zaidi. Rangi ya buluu ya karne ya 19 ilipatikana kwa kutu iliyodhibitiwa au kwa moto na makaa, na kwa miaka hubadilika taratibu kuwa ya kahawia iliyofifia, ikianzia pale mikono inaposhika. Nakala nyingi hupigwa buluu kwa chumvi za moto, njia iliyoenea tangu miaka ya 1930: nyeusi, inang'aa, sawasawa kila mahali. Bodi ikigeuka zambarau huku mtutu ukibaki mweusi, hiyo ni dalili ya aloi ya kisasa, mara nyingi chuma cha kumimina chenye silikoni nyingi, ambacho hakipokei chumvi kama chuma kingine. Haimaanishi bunduki ni dhaifu. Inamaanisha si ya 1880.

Halafu zile rangi za mawimbi, buluu na kahawia na majivu, zinazotokana na kuimarisha uso wa chuma. Uberti huziweka kwenye bodi ya 1873, na watu wengi hudhani ndivyo Winchester zote zilivyokuwa. Bodi ya kawaida ya 1873 ilikuwa ya buluu. Mawimbi yalikuwa ya kuagiza, ingawa nyundo na wenzo vilikuwa nayo. Bodi ya mawimbi makali, yenye kung'aa kana kwamba imetoka jana, iwe juu ya 1873 inayodaiwa kuwa na umri wa zaidi ya karne, inastahili maswali.

Dalili: skrubu, herufi na mbao

Kitazame kichwa cha skrubu kabla hujatazama bunduki. Mifereji ya skrubu za kale ni myembamba, na zile ambazo hazijafunguliwa ovyo hubaki na kingo kali. Nakala nyingi zina mifereji mipana, na uzi wake ni wa vipimo vya milimita. Fundi akizitoa atajua mara moja.

Herufi za mtutu wa zamani ziligandamizwa kwa roda ya chuma: zimezama, na kina chake hutofautiana kidogo mwanzo hadi mwisho wa mstari. Herufi za leza ni nyembamba, hazina kina, na chini yake kumeungua. Kusomeka kwa maneno si hoja. Nakala nyingi hurudia hata maandishi ya hataza, pamoja na tarehe za Oktoba 16, 1860 na Machi 29, 1866 zilizokuwa kwenye mitutu halisi. Angalia pia muhuri wa WP ndani ya duara la yai. Winchester ilianza kuugonga 1905, kwa hiyo ukikuta huo kwenye mtutu wa 1873 inayodaiwa kutoka kiwandani 1880, mtutu umebadilishwa, umerudi kiwandani, au mtu ameongeza muhuri kwa tamaa.

Namba ya mfululizo ya 1866 na 1873 iko kwenye ulimi wa chini, yaani kile kipande cha bodi kinachoingia shingoni mwa kitako, nyuma ya kifyatuo. Kwa namba nyingi za Winchester za zamani, kituo cha kumbukumbu cha Buffalo Bill Center of the West huko Cody, Wyoming, hutoa barua inayoeleza jinsi bunduki ilivyotoka kiwandani: kaliba, umbo la mtutu, tarehe. Barua hiyo inaeleza namba, haielezi chuma kilicho mkononi mwako. Namba halisi inaweza kugongwa kwenye bodi ya nakala. Linganisha kila neno la barua na kila sehemu.

Mbao nazo husema. Kiwanda cha Winchester kilitumia mti wa jozi wa Marekani, uliopakwa mafuta. Uberti hutumia jozi wa Ulaya, mara nyingi chini ya vanishi yenye wekundu. Bunduki halisi ambayo haijaguswa ina mbao zilizoinuka kidogo kuliko chuma zinapokutana. Mbao zikiwa chini ya chuma, msasa umepita hapo, na hata kama bunduki ni ya kale kweli, thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka sana.

Dalili: inaonekana imezeeka kila mahali kwa kiasi kilekile

Uzee wa kweli hauna usawa. Huanza mdomoni mwa mtutu pale palipoingia na kutoka kwenye ala ya ngozi, kwenye kingo za wenzo, chini ya bodi mahali mkono hushika bunduki katikati ya uzito wake, na kwenye bega la kitako. Kwenye karabini, ile bunduki fupi ya mpanda farasi, yenye pete ya tandiko, pete hukwaruza nusu duara upande wa kushoto wa bodi. Kinyume chake, ndani ya pembe zilizojificha rangi ya zamani hubaki.

Uzee wa kupakwa kwa asidi hufika kwenye pembe hizo kwa nguvu ileile iliyofika kwenye kingo. Vishimo vya kutu huwa na ukubwa mmoja, na ukifungua mbao unakuta chuma cha chini kimeungua vilevile, mahali ambapo hakuna jasho wala mvua iliyofika. Kuna viwanda vinavyouza nakala zenye uzee wa aina hiyo waziwazi, kwa wapenzi wa mashindano ya ulengaji wa mtindo wa zamani huko Marekani. Hilo ni biashara safi. Ni mmiliki wa pili au wa tatu ndiye anayesahau kusema.

Dalili: sumaku inaanguka

Jaribu sumaku kwenye nyundo, wenzo na bodi isiyo ya shaba. Isiposhika, hiyo ni aloi ya zinki, na unachoshika ni pambo. Denix wa Menorca, Hispania, ametengeneza mapambo kama hayo kwa miongo mingi, na hayajawahi kukusudiwa kufyatua chochote. Kwa jukwaa la maigizo au ukuta yanafaa. Mtu asijaribu kamwe kuyapa risasi.

Dalili: inakuja na hadithi ya safari

Kwetu Afrika Mashariki hadithi moja ina mvuto wake. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na Winchester za 1895 za kaliba .405, na aliziamini sana kwa simba. Hilo ni kweli. Lakini Miroku imetengeneza tena 1895 ya .405, na kwa hiyo bunduki ya aina hiyo ikitokea mbele yako, anza na shingo ya kitako. Kitufe cha usalama kinachoteleza juu ya shingo, nyuma ya nyundo, hakikuwepo kwenye 1895 ya zamani. Kutokuwepo kwake hakutoshi, kwa sababu nakala za mwanzo za 1895 zilizotoka Japani kwa jina la Browning hazikuwa nacho. Tafuta jina la nchi kwenye mtutu, na udai karatasi. Hadithi ya familia isiyo na karatasi haina bei.

Sasa tuchukulie umeshajua ni nakala, na unataka kujua kama ni nzuri.

Dalili: wenzo ni mzito au unakwaruza

Kwenye 1866 na 1873 wenzo hukandamizwa na springi bapa mbili, moja kila upande ndani ya bodi. Za Uberti hutoka kiwandani zikiwa ngumu kuliko inavyohitajika. Uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho ni springi, na tiba yake ni rahisi: fundi huweka springi nyepesi au huzipunguza unene. Uzito unaokuja na mkwaruzo mahali pamoja, kila mara palepale, ni kingo za chuma ambazo hazikusafishwa. Hilo ni la kawaida kwenye Rossi 92 za Brazili, bunduki imara ambazo kiwanda hakikutumia muda kuzilainisha ndani. Kingo zikiondolewa na fundi anayejua kuacha mahali pa kuacha, Rossi hubadilika kabisa.

Wenzo mwepesi mno nao uutilie shaka. Wanamashindano huweka viungo vya mwendo mfupi kwenye 1873 ili wafyatue haraka. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inafurahisha mkono. Ikifanywa vibaya, springi zimekatwa kiasi kwamba viungo havifungi hadi mwisho, na hapo ndipo matatizo mengine yote ya orodha hii huanzia. Uliza bunduki ilichezwa na nani.

Dalili: risasi inakwama na wenzo hausongi mbele wala nyuma

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote kuhusu nakala za 1866 na 1873, na mara nyingi bunduki haina kosa. Kwenye mfumo huo wa viungo, kinachozuia risasi ya pili isiingie kwenye kinyanyuzi ni urefu wa risasi ya kwanza yenyewe. Risasi ikiwa fupi kuliko inavyotakiwa, ile inayofuata huchungulia ndani ya kinyanyuzi kwa milimita chache, na kinyanyuzi hakiwezi kupanda kwa sababu kimeibana. Ikiwa ndefu mno, haikai yote ndani na mkwamo ni uleule.

Pima urefu wa risasi kwa kalipa kabla ya kuilaumu bunduki. Wanaotumia .38 Special kwenye bunduki ya .357, au wanaojaza risasi zao wenyewe kwa vichwa vifupi, hukutana na hili sana. Kama urefu ni sahihi na mkwamo unaendelea, kagua mahali kinyanyuzi kinaposimama kikiwa chini: tundu lake linapaswa kukutana na mdomo wa bomba bila ngazi. Ngazi ikiwepo, hilo ni kosa la kiwanda, mrudishie muuzaji. Bomba lililobonyea au springi yake iliyopinda nayo husimamisha risasi, lakini hiyo utaijua kwa sababu risasi haziji kabisa.

Rossi na nakala nyingine za 1892 zina kizuizi chao cha risasi, kwa hiyo urefu si adui mkubwa hivyo. Zikikwama, anza na springi ya kutupa maganda, ambayo huwa kali mno kiasi cha kusukuma risasi kando kabla haijanyooka mbele ya chemba.

Dalili: kidole gumba kinachubuka wakati wa kupakia

Mlango wa kupakilia ulioanzishwa na Nelson King kwenye 1866 ni kipande cha springi kilichofungwa ubavuni. Kingo zake zikiachwa kali, na springi ikiwa ngumu, utalipa kwa ngozi. Kulainisha kingo ni kazi ndogo. Nakala ambayo kiwanda hakikujali kulainisha kitu ambacho kila mteja atakigusa mara ya kwanza, mimi huitazama ndani kwa ukali zaidi.

Henry haina mlango huo. Hupakiwa kwa mbele, na chini ya bomba kuna mpasuo ambamo kishikio cha kisukumizi hurudi nyuma kadiri risasi zinavyopungua. Kikifika kwenye mkono wako wa kushoto, bunduki huacha kulisha. Hilo si kosa. Ni umbile lake tangu 1860, na anayeijua husogeza mkono. Lakini kisukumizi kisiachiwe kamwe kirudi kwa kishindo juu ya risasi zilizo ndani ya bomba.

Dalili: nyundo inaanguka, fataki hailipuki

Tazama alama ya pini kwenye fataki. Kama ni kijidoa hafifu katikati, springi ya nyundo imelegezwa na mtu aliyetaka kifyatuo laini, au grisi imeganda kwenye njia ya pini. Kama alama ni ya kina lakini haikuwaka, ilaumu risasi. Kama alama iko kando na si katikati, komeo halijafunga sawasawa. Simama hapo hadi fundi aikague. Baadhi ya nakala za Miroku zina nyundo inayojivuta nyuma kidogo baada ya kugonga, nyongeza ya usalama ambayo asili haikuwa nayo, na mpangilio huo haupendi springi dhaifu.

Dalili: masizi usoni na kwenye bodi

Ganda la .44-40 ni jembamba na lina shingo. Likifyatuliwa hutanuka na kuziba chemba vizuri. Ganda la .45 Colt limenyooka na ni nene zaidi mdomoni, na kwa shinikizo dogo halitanuki vya kutosha, basi moshi hurudi nyuma. Ukinunua nakala ya .45 Colt ukaona komeo limejaa masizi, usidhani umeuziwa bunduki mbovu. Wanaofyatua baruti nyeusi, ambayo huchafua sana, mara nyingi huchagua .44-40 kwa sababu hii tu.

Dalili: vikundi vya risasi vimetawanyika

Mitutu ya zamani ya .44-40 ilitakiwa kupokea kichwa cha risasi cha kipenyo cha milimita 10.85 hivi, lakini ilitofautiana. Nakala nyingi za sasa zina mitutu ya milimita 10.90. Risasi iliyotengenezwa kwa kipimo cha zamani huyumba ndani ya mtutu mpya. Pima mtutu kwa kupitisha ndani yake kipande laini cha madini ya risasi (si risasi ya kufyatua), kisha chagua kichwa kinachoujaza. Kabla ya hapo, hakikisha alama ya kulengea ya mbele haijalegea kwenye mfereji wake, na kwamba skrubu za ulimi zinazoshika kitako zimekaza. Nimeona watu wakibadilisha mitutu kwa sababu ya skrubu moja.

Dalili: ganda lililotoka linaonekana tofauti

Hapa hakuna kuahirisha. Okota maganda matatu au manne baada ya kufyatua na uyapange. Fataki ikiwa imejitokeza nyuma kupita usawa wa ganda, kuna nafasi ya ziada kati ya komeo na ganda. Mstari unaong'aa unaozunguka ganda karibu na kitako chake ni onyo kwamba chuma kinavutika na karibu kitakatika. Kwenye bunduki za viungo vya goti, sababu huwa ni viungo vilivyochakaa au kulegea kwa risasi kali kuliko zinavyostahimili, na bodi ya shaba ya Henry na 1866 husamehe kidogo kuliko ya chuma. Nguvu ya bodi ya kisasa ya 1892 isimdanganye mtu kwamba 1873 ya kaliba ileile inaweza kula risasi zilezile. Weka bunduki chini, mpelekee fundi mwenye geji za kaliba hiyo, na usifyatue tena mpaka geji iseme viungo vinafunga ndani ya kipimo.